Mbwa Asiyekula Bila Neno

Chakula cha Karani kilipikwa bila chumvi, bila kitunguu na bila haraka. Wali uliolainika, maini ya kuchemsha yaliyokatwakatwa, karoti moja, na maji ya maini yaliyobaki. Fundi alikipoza dirishani kwa kukipepea na kifuniko, akatia kidole katikati, maana juu hupoa kabla ya ndani, kisha akakipeleka uani.

Mbwa alikuwa ameshakaa. Alikuwa na namna yake ya kukaa, kifua mbele, miguu ya mbele pamoja, macho yakimtazama mtu kama yule wa nyuma ya dirisha la ofisi anayesubiri uoneshe kitambulisho. Ndiyo maana akaitwa Karani. Sufuria ilitua mbele yake. Mate yakaanza kumtoka, uzi mmoja kila upande wa mdomo. Hakugusa. Nzi alitua ukingoni, akaonja kabla yake. Hakugusa.

Fundi alitazama ukuta wa jirani, akatazama lango, kisha akainama mpaka mdomo wake ukafika kwenye sikio la mbwa.

"Pole," alinong'ona.

Karani akala.

Neno hilo lilichaguliwa na baba yake Fundi. Mzee alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka, na mbwa wake wa kwanza, wa huko ghalani, aliuawa kwa pande la nyama lililorushwa juu ya ukuta. Mbwa hakulimaliza. Wezi waliruka, na mwenzake wa zamu akapigwa nondo ya mgongo. Hadi leo anaogeshwa na mkewe. Mzee alipostaafu akapewa mtoto wa mbwa na jamaa mmoja, akaapa kwamba huyu hatakula kitu duniani mpaka aambiwe, na aambiwe na mtu wa nyumbani.

Shida ikawa neno gani. "Kula" alilikataa, mwizi naye hulijua. "Chukua" vilevile. Alilitafuta wiki nzima, akilitafuta hata akiwa anaosha miguu. Kisha siku moja akacheka peke yake.

"Mwizi atamwambia mbwa kila kitu," alimwambia binti yake. "Atamwita mpenzi, atamwita bwana mkubwa. Lakini pole hatampa. Ampe pole ya nini?"

Wakamfundisha kwa sauti mbili, ya baba na ya Fundi, kitindamimba wake, mpaka ikawa mtu mwingine anaweza kulisema neno hilo koo likakauka na Karani akabaki kumtazama tu. Na kwa kuwa neno linalosemwa kila saa huchakaa kama kola ya shati, Mzee akalipiga marufuku nyumbani. Watu wa nje aliwaambia kwamba hapendi kuonewa huruma. "Ukinipa pole unaniombea ugonjwa," alikuwa akisema, na watu wakaona ni wazimu wake tu wa uzeeni, wakamwacha nao. Hata mtoto wake mkubwa wa kiume na mke wa huyo mtoto walijua kuna neno, lakini hawakulijua ni lipi.

Hivyo ikawa nyumba ambayo ukijikwaa kizingitini unaambiwa, "Angalia unapopita." Fundi aliwahi kudungwa na sindano ya cherehani, ikapenya kucha ikatokea upande wa pili. Mama yake alimshika kiganja, akafungua mdomo, akamwona Karani amelala mlangoni, akaufunga. Akakipuliza kile kidole, akakipuliza tena, na hiyo ikawa ndiyo dawa.

Mama alipofariki, Mzee aliweka kiti langoni akapokea pole zote huko nje, na Fundi akafungiwa stoo pamoja na Karani, viganja vyake vimeyaziba masikio ya mbwa, akivuma kwa pua ili sauti za watu zisipenye. Waombolezaji walikuja kwa makundi, kila mmoja akaiacha pole yake langoni kama mwavuli uliolowa. Hakuna hata moja iliyofika stoo.

Mwaka juzi Mzee akapata kiharusi. Kilichukua mguu wa kushoto na pembe ya kushoto ya mdomo. Mguu ulirudi nusu, wa kutembelea fimbo. Mdomo haukufumba. Herufi zote zinazotaka midomo ikutane zilimponyoka. "Baba" ikawa "vava", "maji" yakawa "naji", na "pole" ikawa "hole". Hospitalini walimwonesha mazoezi: jaza mashavu hewa, bana midomo, sema papa, sema mama. Akayafanya siku chache, akasema yeye si mtoto mchanga.

Jioni ya kwanza baada ya kutoka wodini alitaka amlishe Karani mwenyewe. "Hole," alisema. Mbwa akainamisha kichwa upande. "Hole. Hole." Mbwa akainamisha upande wa pili, akijitahidi kuelewa. Mzee alirudia mpaka machozi yakachanganyika na mate kidevuni.

"Nlishe wewe," alisema hatimaye, akageuza kiti kikatazama ukuta.

Tangu hapo ukabaki mdomo mmoja.

Mtu asiyejua angeona ni jambo dogo, kulisha mbwa. Lakini mbwa hula asubuhi na hula jioni, na kati ya asubuhi na jioni hakuna mji ulio mbali. Fundi alishona mapazia na foronya chumbani kwake, mashine ikitazama uani, na kila mteja aliyetaka akapimiwe nyumbani kwake, Fundi alimuuliza kwanza, ni umbali gani. Harusi ya mpwa wake aliihudhuria mpaka saa ya kulisha, akaondoka keki haijakatwa. Majirani wakapata la kusema.

"Fundi, leo Karani kakupa ruhusa?"

"Kanipa. Kasema nirudi na risiti."

Alijibu hivyo, wakacheka, naye akacheka, akapita. Alikuwa amejifunza kucheka akiwa anatembea.

Kazi yenyewe hakuichukia. Aliijua kwa vidole. Alijua kupe hung'olewa kwa kibano karibu na ngozi, polepole, bila kumminya tumbo, na kibano chake kilikuwa kilekile cha kutolea nyuzi. Alisafisha masikio kwa pamba aliyoizungusha kidoleni, akiishia pale jicho linapoishia kuona. Alisugua meno kwa kitambaa. Alikagua kinyesi kila asubuhi kabla ya kukizoa, kama kuna minyoo, kama kuna damu. Karani alivumilia yote huku akitazama pembeni, kama mheshimiwa anayenyolewa.

Kisha Pindo akapiga simu.

Pindo walijifunza naye ushonaji, wakalala kitanda kimoja bwenini, na jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa akishona pindo zilizonyooka kuliko za mwalimu. Sasa alikuwa amefungua karakana katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima, na hospitali kubwa ya huko ilikuwa imempa kazi ya shuka na mavazi ya wauguzi.

"Nina mashine imekaa tupu, mwenzangu. Naiona inanitazama."

"Mpe mtu."

"Nimeshawapa watu. Wanashona kama wanakimbizwa. Nakutaka wewe. Chumba kipo juu ya karakana, choo ndani, dirisha linatazama barabara."

"Nina mbwa, Pindo."

"Nani hana mbwa? Mbwa si mume."

"Mume angekula akiwekewa."

Pindo alicheka, kisha akaacha. "Nisikilize. Mwezi ujao unapoanza, hiyo mashine lazima iwe na mtu. Hospitali hawaniulizi habari za mbwa wako."

Fundi aliiweka simu juu ya kitambaa alichokuwa anakikata. Alikuwa na umri ambao watu huacha kukuuliza utaolewa lini, wakaanza kukuuliza unaendeleaje. Alilitaka lile dirisha. Alishangaa alivyolitaka, lilimkaa kifuani kama tonge lililokwama.

Kaka yake na mkewe hawakuwa na kipingamizi cha kuhamia kwa Mzee. Nyumba waliyopanga ilikuwa inavuja, na wifi yake alikuwa mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi. "Wewe nenda, wifi," alisema. "Mimi na Mzee tutagombana, lakini atakula, ataoga, atatibiwa. Hilo la mbwa tu ndilo silijui. Mfundisheni anipokee na mimi. Au mniambie hilo neno."

Fundi alilipeleka ombi kwa baba yake, akiwa anamkata kucha za miguu.

"Yule ana ndono kana redio," Mzee alisema. Fundi alikuwa ameshazoea kuyasikia maneno yake yakiwa mazima. "Kesho litakuwa dukani, keshokutwa juu ya ukuta na nyama."

"Baba, ghala lile limeshafungwa. Hapa nani atatuibia? Atuibie nini?"

"Hata sisi tulisema hivyo." Akatazama mguu wake uliokuwa katika mikono ya binti yake. "Nikifa, mwambie hata mwenye duka. Nikiwa hai, hapana. Wewe nenda kama unataka kwenda. Sijakufunga kamba."

"Na Karani?"

"Karani atakaa mbele ya sufuria. Ndivyo tulivyomfundisha, mimi na wewe."

Fundi alijaribu hila. Aliweka sufuria akaenda zake, akakaa nyuma ya mlango kutwa. Wali ukakauka, sisimizi wakaja kwa mstari, na Karani alikuwa palepale, mate yamelowesha miguu yake ya mbele, akitetemeka kidogo begani. Jua lilipoinama Fundi alishindwa, akatoka mbio akamwambia, mara mbili, mara tatu, mkono ukiwa kichwani kwake. Mzee alikuwa akiangalia kutoka kwenye kiti chake. Alichota ugoro wake, akafunga kikopo.

Ndipo daktari wa wanyama alipokuja kumchanja mbwa kinga ya kichaa. Alikuwa mwanamke mpana mwenye buti za mpira, na hakuwa na muda wa salamu ndefu. Alimshika Karani kwenye kiwiliwili akasimama hivyo.

"Fundi, weka mkono hapa. Nitafutie mbavu."

"Zipo."

"Zipo wapi? Mimi nimeshika godoro."

Fundi aliminya. Alizifikia, lakini ilibidi achimbe.

"Mbavu za mbwa zinatakiwa uzihisi kama unavyohisi mifupa ya mgongo wa kiganja," daktari alisema. "Huyu ni mzee tayari. Moyo wake unabeba mbwa wawili. Unampa nini?"

"Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Napima."

"Na katikati?"

"Katikati hakuna."

"Kila mwenye mbwa mnene huniambia hivyo. Wengine huapa." Alimdunga sindano Karani kabla hajajua. "Mpunguzie, robo tatu ya kikombe. Karoti zaidi, wali kidogo, na kila siku atembee mpaka aanze kuhema. Nikirudi nataka kuona kiuno."

Alimpunguzia. Alimtembeza asubuhi hadi njia panda na kumrudisha, kitambi cha mbwa kikiyumba mbele yake kama mfuko wa unga. Karani hakupungua. Daktari alipopita tena akielekea kwa mtu wa kuku, alimtazama juu ya lango tu, akatikisa kichwa.

"Mbwa hanenepi kwa hewa, Fundi. Kuna mkono."

"Mkono wa nani? Huyu hali bila..." Alijikatiza. "Hali ovyo huyu."

"Mimi natibu wanyama. Mikono itafuteni wenyewe."

Fundi alirudi kwenye mashine, akashona pazia zima bila kuona anachoshona. Majirani wangeweza kurusha chochote juu ya ukuta, kingeoza pale kiliporushwa. Wifi yake angeweza kuja na kuku mzima. Karani hakuwa anakula bila neno, na neno lilikuwa na watu wawili, na mmoja wa hao wawili hakuwa na midomo ya kulisema.

Asubuhi iliyofuata alimsafisha meno. Aliuinua mdomo wa juu, akapitisha kitambaa, na kwenye ndevu za pembeni kulikuwa na kitu kimeganda, cha manjano. Alikikwaruza kwa kucha. Akakinusa.

Kilikuwa kiini cha yai.

Karani hakuwa akipewa yai. Mzee ndiye aliyekuwa akipewa yai, la kuchemsha, kila siku na chai yake, kwa amri ya hospitali.

Kesho yake alimpelekea baba yake chai, mkate na yai, akachukua kikapu, akasema anakwenda kununua uzi. Alifunga lango kwa kishindo. Kisha akazunguka kwa nyuma, akapita kwenye upenyo wa uzio ambao fundi bomba aliuacha, akaingia chumbani kwake kwa mlango wa jikoni, akasimama kando ya mashine, nyuma ya pazia alilokuwa analipinda.

Mzee alimenya yai taratibu kwa mkono wake wa kulia. Aliweka maganda juu ya kisahani. Aliligawa, nusu akaila yeye, nusu akaiweka kiganjani na kukishusha mpaka karibu na ardhi. Karani alikuwa ameshakaa, kifua mbele.

"Pole, bwana Karani," Mzee alisema, midomo ikikutana sawasawa. "Pole sana, bwana. Wamekupunguzia, eti. Wamekupima kiuno kama mwari. Binadamu wabaya sana hawa."

Mbwa alilamba kiganja mpaka kikang'aa. Mzee akaanza kukata ganda la mkate.

"Na hiki pia," alisema. "Pole."

Fundi alisikia p zile, na b zile, na m zile, moja moja, nzima, kama vifungo vipya vinavyodondoka mezani. Alipotoka uani hakuwa amepanga la kusema.

Mzee alimwona. Mdomo ukamlegea upande wa kushoto taratibu, kama pazia lililokatika kamba.

"Unerudi vasi?" alisema.

"Usijisumbue, Baba. Nimesikia."

Karani aliwatazama kwa zamu, akalamba vidole vya Mzee pale palipobaki chumvi.

"Tangu lini?"

Mzee alifuta kiganja kwenye paja. "Tangu mvua za kwanza," alisema, na sasa alisema vizuri.

"Za mwaka huu?"

"Za mwaka jana."

Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Ulikuwa umekwenda kupima madirisha ya mtu," Mzee aliendelea. "Nikamsemesha Karani kwa mzaha tu. Likatoka. Nilifurahi, mwanangu. Nilijiburuta mpaka langoni nikakusubiri nikuambie."

"Ukaniambia?"

"Ulikuja umechoka, jasho limekutoka. Ukaweka vitu chini, ukamlisha, ukakaa hapo ulipokaa. Nikasema, kesho nitamwambia."

"Kesho."

"Kesho ilikuwa ileile. Ungejua mbwa anaweza kula bila wewe, ungeondoka."

"Ningeondoka."

"Basi."

"Basi nini, Baba? Kaka yupo. Wifi yupo. Wamekuja hapa na kwenda, wanabembeleza wakutunze."

"Hao si wewe," Mzee alisema, bila hasira, kama anayemtajia mtu jina la mtaa.

Fundi alingoja apandwe na hasira. Ilikuwa njiani, aliisikia inakuja, lakini kilichotangulia ni uchovu, na ndani ya uchovu huo aliona harusi ya mpwa wake, na madirisha yote ya mbali aliyoyakataa, na Karani anatetemeka mbele ya wali uliokauka huku mtu mwenye neno akiwa amekaa kwenye kiti anatazama.

"Siku ile nilipomwacha na njaa kutwa," alisema. "Ulikuwa unaweza."

Mzee alikisogeza kando kisahani cha maganda.

Fundi alimvuta mbwa kwa ukosi, akamfuta kiini cha yai kwenye ndevu kwa upindo wa kanga yake. "Mayai yanatosha," alisema. "Utamuua moyo."

"Na mimi?"

"Wewe ule yai lako."

Akaingia ndani, akampigia Pindo, akamwambia asimpe mtu ile mashine.

Siku zilizobaki zilipita kwa kazi. Alimaliza mapazia ya watu. Alimwonesha wifi yake mahali pa kibano, pa dawa ya kupe, pa kikombe cha kupimia; mifupa ya kuku hapana, inavunjika ncha kali kama sindano; kitunguu hapana, hata mchuzi wenye kitunguu; maji yabadilishwe hata kama yanaonekana safi. Wifi alirudia kila kitu kwa sauti kama anajifunza wimbo.

"Na neno?"

"Neno analo Baba."

"Baba si mdomo hauwezi?"

"Neno analo Baba," Fundi alisema tena.

Mbele ya mwanawe na mkwewe Mzee aliendelea kuzungumza na mdomo wake uliolegea, "naji", "vava", na Fundi alipopita na sahani hakumtazama machoni.

Asubuhi ya kuondoka walikuwa wote uani. Kaka yake alikuwa ameshatoa begi na kasha la mkasi na nyuzi. Wifi alileta sufuria, robo tatu ya kikombe, karoti nyingi, akaiweka chini kwa adabu kama anampakulia mgeni. Karani akakaa.

"Haya, Baba," kaka yake alisema. "Mpe neno lake."

"Geukeni," Mzee alisema.

Wakageuka, isipokuwa Fundi. Alimwona baba yake akiinama kwenye sikio la mbwa, na akaiona midomo yake. Aliiacha wazi. Aliiacha wazi kwa makusudi, pumzi ikapita katikati bila kugusa popote. Karani akainamisha kichwa upande.

"Nnaona," Mzee alisema akinyoosha mgongo. "Hali. Huyu akiondoka, nvwa anakufa."

Kaka yake alishusha begi. "Sasa dada, tutafanyaje? Labda usogeze hata wiki moja. Umwambie Pindo kuna dharura."

Fundi alikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na ingemaliza kila kitu. Aliiona ilivyo fupi. Lakini akamwona pia wifi yake, jagi la maji mkononi, mkwe wa baba yake, ambaye kuanzia leo ndiye atakayemshika Mzee kwapa kumpeleka bafuni. Mzee angebaki kwenye kiti kile kama mwongo mbele ya mkwewe kila siku iliyobaki. Akaimeza sentensi.

"Sufuria msiiondoe," alisema. "Akitaka atakula."

"Utanwachaje na njaa?" Mzee alisema. Jicho lake la kushoto, lile linalotokwa na maji lenyewe tangu kiharusi, lilikuwa linatokwa na maji.

"Simwachi na njaa, Baba. Nakuachia wewe." Alimshika bega, akalibana. Bega lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka. "Naenda. Nitapiga simu nikifika."

Karani alimtazama akichukua begi na kasha. Aligeuka akiwa amekaa, akaielekea njia ya lango, sufuria ikawa nyuma ya mgongo wake, mate yanaanguka kwenye vumbi. Hakuinuka. Alikuwa amefundishwa kutoinuka.

Nje, Fundi alivuta lango, akapitisha mkono kwenye tundu kushusha komeo. Maisha yake yote alikuwa amelishusha akiwa ndani. Kutokea nje hakulifikia kwa urahisi, vidole vilipapasa chuma asichokijua, na ilibidi aegemeze shavu kwenye bati. Kwa tundu lile aliona masikio mawili yamesimama. Mkono wake ulikuwa bado kwenye komeo. Kulipandisha kungekuwa rahisi kuliko kulishusha.

Alilishusha. Akaenda.

Kituoni gari lilikuwa halijafunguliwa. Alikaa kwenye benchi, begi katikati ya miguu, na njia yote alikuwa amelitazama jua kwenye kuta, akihesabu muda ambao Karani hajala. Mara mbili alisimama. Mara ya pili alifika hadi kwenye kona ya wauza magazeti kabla ya kurudi. Simu ilipolia aliiangusha, akaiokota kutoka chini ya benchi.

"Wifi, amekula," wifi yake alisema.

"Baba alisema nini?"

"Hakusema kitu. Alikaa tu, akikodoleana macho na mbwa, mpaka nikaogopa. Kisha akatufukuza wote ndani. Tukasikia anakohoa. Nikatoka, sufuria imelambwa inang'aa, mbwa amemlazia kichwa mguuni. Labda njaa ilimzidi, eti?"

"Labda."

"Ila Mzee hataki kusemeshwa. Amekasirika. Subiri, ananiita." Sauti zikasogea mbali, zikarudi. "Anauliza dawa ya minyoo unamtia kwenye nini."

"Kwenye ini. Kipande kidogo, akimeze mara moja."

"Anasema yai je, yai lina ubaya gani."

"Mwambie yai hapana."

Fundi alisikia ujumbe wake ukipelekwa, akasikia jibu, refu, lisilosikika maneno.

"Anasema wewe huna huruma," wifi alisema.

Kondakta alikuwa anafungua mlango wa gari, na watu walianza kuinua mizigo yao. "Mwambie robo tatu ya kikombe, jioni," Fundi alisema, akakata simu, akaitia kwenye kasha pamoja na mkasi, akajisogeza kwenye mstari.